UZI: Utu ulitangulia dini, lakini dini ilifanya kazi ambayo ukoo haukuiweza

MtoRufiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kauli nimeisikia msikitini, kanisani, kwenye daladala na hata humu jukwaani: "Bila dini, binadamu angekuwa mnyama tu." Anayeitamka huwa anaona mjadala umeisha. Mimi naona ndio unaanza, kwa sababu kauli hiyo imebeba madai mawili kwa pamoja: kwamba mnyama hana chembe ya wema, na kwamba watu hawakuwa na maadili mpaka dini ilipowafikia. Madai yote mawili yanapimika, na sehemu kubwa ya vipimo imefanyika kwetu, Tanzania.

Tuanzie Kigoma. Mtafiti Jane Goodall alifika msitu wa Gombe Julai 1960, na sokwe wa pale wamefuatiliwa tangu wakati huo. Mwaka 1987 ulipita ugonjwa unaofanana na nimonia, ukaua kadhaa. Mmoja wa waliokufa ni jike aliyepewa jina Miff, akaacha mtoto wa miaka mitatu na kitu, Mel. Mtoto alikuwa dhaifu, hana kaka wala dada mkubwa wa kumlea, na watafiti walishakata tamaa naye. Aliyemchukua ni Spindle, dume kijana wa miaka 12 hivi, ambaye hakuwa ndugu yake wa karibu. Alimbeba mgongoni, akamgawia chakula, usiku akalala naye kwenye kiota kimoja. Madume wakubwa walipopandisha hasira na kuanza kuburuta matawi, Spindle aliingia kumtoa mtoto, na wakati mwingine kipigo kikamwangukia yeye. Mel akaishi.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana nisingekuwa mkweli nikiishia hapo. Kati ya 1974 na 1978, hapo hapo Gombe, madume wa kundi la Kasakela waliwavizia madume wa kundi la Kahama mmoja baada ya mwingine hadi wakawamaliza. Na Kahama hawakuwa wageni. Walikuwa wamejitenga na Kasakela miaka michache tu nyuma. Waliouana walikuwa wamekaa pamoja, wamechambuana manyoya, wamekula kwenye mti mmoja.

Kwa hiyo huruma ipo kwa wanyama, na ina mpaka. Naomba mkumbuke neno hilo, mpaka, kwa sababu uzi wote unauzunguka.

Darwin aliliona hili mapema. Katika kitabu chake cha 1871 kuhusu asili ya binadamu alisema kwamba mnyama yeyote mwenye silika imara za kuishi kijamii, akili yake ikikua ikafikia kiwango cha binadamu, atapata dhamiri. Waliokuja baadaye wakaeleza njia. William Hamilton, 1964: mwenye kumsaidia ndugu wa damu anasaidia chembe za urithi wanazoshirikiana, hivyo tabia hiyo inarithiwa. Robert Trivers, 1971: hata asiye ndugu anafaa kusaidiwa kama mtakutana tena naye akakulipa. Popo wanyonya damu waliochunguzwa Costa Rica wanatapika damu waliyokunywa wampe mwenzao aliyerudi na njaa, na wanaopewa zaidi ni ndugu na wale waliozoeana. Ukichukua kanuni hizo mbili, undugu na kukutana tena, unaelewa maadili mengi ya kijijini.

Lakini hapo tumefika kijijini tu.

Twende Ziwa Eyasi. Wahadzabe ni watu kama 1,000 na kidogo, na mia chache kati yao bado wanategemea zaidi porini: nyama, asali, ubuyu, mizizi. Nisieleweke vibaya, Wahadzabe si mabaki ya kale. Ni watu wa leo kama mimi na wewe, wenye historia yao. Ila wanaishi bila mambo mengi ambayo sisi tunadhani ndiyo yanayoshikilia maadili: hawana chifu, hawana polisi, hawana nyumba ya ibada, hawana kasisi wala shehe. Frank Marlowe, aliyefanya utafiti kwao kwa miaka mingi na kuandika kitabu kilichotoka 2010, alieleza kwamba wanataja miungu kama Haine, na Ishoko anayehusishwa na jua, lakini hakuona kwamba hao wanafuatilia nani kadanganya na nani kaiba. Miiko ipo. Kuna nyama iitwayo epeme, sehemu maalumu za mnyama mkubwa ambazo ni za wanaume waliokwisha kuingizwa kwenye utaratibu huo, na anayeila asiyestahili anaaminika kupatwa na mabaya. Ila mwiko huo unalinda ibada. Uongo na wizi hauugusi.

Je, wanaishi kama fisi? Hapana kabisa. Mwindaji akiangusha mnyama mkubwa, nyama inafika kila kona ya kambi, na hakuna anayeshukuriwa kwa sababu hakuna anayehesabu kwamba alikuwa na hiari ya kukataa. Ukiwa na kitu, utaombwa. Ukificha, utasemwa. Ukizidi, wenzako watahama usiku wakuache na ubahili wako, maana kambi yenyewe ni watu thelathini hivi na kuhama hakuhitaji kibali cha mtu. Mwaka 2012 Coren Apicella na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika kwa watu wazima 205 katika kambi 17, wakitumia vijiti vya asali kuona nani anachangia na nani anabana. Walioungana kama marafiki walifanana: mtoaji karibu na mtoaji, mbanaji karibu na mbanaji. Uchaguzi wa nani wa kuishi naye unafanya kazi ya hakimu.

Hapo dai la pili la ile kauli linaanguka. Watu wanagawana, wanaona aibu, wanamkemea mchoyo, bila Mungu anayeandika dhambi.

Ila tafiti hizo hizo zinaonyesha ukingo. Katika mchezo mmoja wa kugawana fedha na mtu usiyemjua, ambaye anaweza kukataa mkakosa wote, Wahadzabe walitoa kwa wastani karibu theluthi moja, chini ya jamii nyingi zilizopimwa. Apicella alirudi na mchezo mwingine ambamo unaweza kupindisha kanuni kimya kimya bila mtu kujua, na makala yake ya 2018 inaeleza kwamba wengi waliipindisha, wakijipendelea dhidi ya watu wa kambi za mbali. Watu wale wale wanaomegeana nyama.

Mnaona inavyofanana na Gombe? Ndani kuna ukarimu ambao mjini tumeupoteza, na nje ukarimu unapungua.

Na hapa ndipo dini inapoingia, kwa heshima zake zote. Mwaka 2010 kundi la Joseph Henrich lilichapisha matokeo ya jamii 15 za mabara mbalimbali, na kwetu Afrika Mashariki walikuwamo Wahadzabe, Wagusii, Wamaragoli na Wasamburu. Vitu viwili viliendana na kumtendea haki mtu usiyemjua: kununua na kuuza sokoni, na kuwa mfuasi wa dini ya kidunia, yaani iliyoenea dunia nzima, Uislamu au Ukristo. Mwaka 2016 Benjamin Purzycki na wenzake walipima watu 591 kutoka jamii nane, kuanzia visiwa vya Vanuatu na Fiji hadi Siberia, Wahadzabe wakiwamo. Mtu alipewa sarafu 30 agawe kwenye vikombe viwili, kimoja cha mtu wa mbali, kingine chake au cha mtu wa kwao: anachagua kikombe kichwani mwake, anarusha dadu, na dadu ndilo linasema sarafu iende kikombe hicho au kile kingine, hivyo hakuna wa kumkamata akidanganya. Kadiri mtu alivyoamini kwamba Mungu wake anajua yaliyo moyoni na anaadhibu, ndivyo alivyotoa sarafu nyingi zaidi kwa mwenzake wa dini ile ile anayeishi mbali, ambaye hatamwona maisha yake yote.

Msimamo wangu, basi, ni huu. Dini haikuumba utu. Iliukuta, umeshakomaa kwenye familia na kambi, ikauchukua ikaupeleka kwa mtu wa mbali. Aliyesema dini ndiyo chanzo cha wema amekosea, na aliyesema dini haina kazi yoyote katika wema amekosea vilevile. Karibuni.

---

UstadhiWaPwani

Assalamu alaykum. Nimesoma yote, na nakushukuru kwa adabu, kwa kuwa mada hizi humu mara nyingi huishia matusi.

Nianze kwa kukuunga mkono pale usipotarajia. Qur'ani yenyewe inataja fitra, maumbile ambayo Mwenyezi Mungu amewaumbia watu (30:30), na kwamba nafsi imefahamishwa uovu wake na wema wake (91:7-8). Ndugu zetu Wakristo wanayo Warumi 2:14-15, kwamba hata watu wasio na sheria, matakwa ya sheria yameandikwa mioyoni mwao. Hivyo mtoto wa Kihadzabe kuona haya hakutushtui. Tungeshtuka angekosa.

Swali langu ni jingine. Umetueleza hisia ya wema ilivyopatikana. Hujatueleza kwa nini niitii. Spindle angemwacha Mel afe, nani angemlaumu? Kama dhamiri yangu ni silika iliyorithiwa kwa sababu ilisaidia mababu kuzaa, basi siku inaponibana nina haki ya kuiambia: wewe ni silika tu, nyamaza.

---

MtoRufiji

Waaleikum salaam, Ustadhi. Hilo ndilo swali zito kuliko yote na sitajifanya sayansi imelijibu. Mwanafalsafa Hume aliandika tangu karne ya 18 kwamba huwezi kutoka kwenye "iko hivi" ukaruka hadi "inapasa iwe hivi" bila kueleza umepitia wapi. Mageuko ya viumbe yanaeleza mambo yalivyo. Na kwa sababu hiyo hiyo hayawezi kuthibitisha kwamba Mungu yupo wala kwamba hayupo. Anayeyatumia kwa kazi hiyo anayabebesha yasichokibeba.

Ila ruhusu nikurudishie swali, na linatoka nyumbani kwako. Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu wa zamani, walisema akili ya mtu inaweza kujua kwamba dhuluma ni mbaya hata kabla ya ufunuo. Maashaari, kundi jingine la wanazuoni, wakasema jema ni lile Mungu aliloamrisha, na ovu ni lile alilokataza. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, naye aliuliza karibu hilo hilo karne nyingi kabla yao. Ukisimama na Maashaari, ukiniuliza kwa nini nitii dhamiri, nami naweza kukuuliza kwa nini nitii amri. Ukijibu "kwa sababu Yeye ni mwema", umeshakiri kwamba unao ufahamu wa wema ulioutumia kumtambua. Ufahamu huo ndio nasema tulizaliwa nao.

Kuhusu kuinyamazisha silika: kuona rangi nako kulirithiwa, na bado nyekundu ipo mbele yangu. Kujua njia ambayo uwezo ulipitia hakuufanyi kile unachoonyesha kuwa uongo.

---

UstadhiWaPwani

Wanazuoni wa Kimaturidi walisimama katikati ya hizo mbili, wakasema akili hujua mengi ya wema na ubaya, na ufunuo ndio huweka wajibu na hesabu. Mimi niko karibu nao. Neno "hesabu" ulipime vizuri, maana naona hata zile sarafu zako 30 zilikuwa zinahusu hesabu.

---

DukaLaMtwapa

Niwaletee ya biashara, wanafalsafa. Mimi nauza kwa mkopo. Mtu wa mtaani namjua mama yake, akinikimbia najua pa kwenda kulalamika. Wa mbali namwangalia anavyoapa. Mtu anayeogopa kuapa uongo nampa mzigo. Sijui kama moyoni ni mcha Mungu au la, ila kile kiapo kinamshika.

---

MtoRufiji

Kaka wa Mtwapa, umegusa jambo ambalo limeandikwa kuhusu watu wa Kenya yenyewe. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger alifanya utafiti kwa Waorma wa Mto Tana, wafugaji waliosilimu. Hoja yake ni kwamba Uislamu uliwapa wafanyabiashara kitu chenye thamani kubwa: sheria moja ya mikataba na kiapo ambacho pande zote mbili zinakiogopa, hata mkiwa mmetenganishwa na ukoo na lugha. Ukishakuwa na hilo, mkopo unasafiri hadi mahali ambapo undugu haufiki.

Na wazee wetu walijua kabla ya hapo. Kiapo mbele ya wazee, laana ya mzazi, fingo (dawa ya kinga) lililozikwa kwenye kaya, yaani makazi ya kale ya misituni, za Wamijikenda, yote yalikuwa ulinzi unaoendelea hata pale ambapo hakuna jicho la mtu. Tofauti ni ukubwa wa eneo. Fingo linalinda kaya yake. Mungu wa dini za kidunia anadaiwa kuona Lamu, Muscat na Mumbai kwa wakati mmoja.

---

Mchambuzi_Mwanza

Mkuu, hapo pana shida ya nani alitangulia. Inawezekana miji na dola zilikua kwanza kwa nguvu za upanga na kodi, halafu ndio ukaja Mungu mkali wa kuwatuliza watu. Nilisoma mahali kwamba hilo lilithibitishwa na takwimu za historia ya dunia nzima.

---

MtoRufiji

Ulichosoma kilikuwepo, na yaliyokipata baadaye yanafaa kujulikana. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha makala ya Harvey Whitehouse na wenzake, jamii 414 katika miaka 10,000, ikisema jamii kubwa zilitangulia na miungu ya maadili ikafuata. Watafiti wengine wakaipekua data. Wakakuta kwamba pale ambapo hakukuwa na taarifa yoyote kuhusu imani za watu, pengo hilo lilihesabiwa kama ushahidi kwamba miungu ya aina hiyo haikuwepo. Jamii isiyo na maandishi haituachii maandishi juu ya Mungu wake, na kimya hicho kikageuzwa kuwa jibu. Ukilirekebisha hilo, hitimisho linayumba. Makala iliondolewa rasmi 2021.

Kwa hiyo swali la nani alitangulia bado liko wazi. Mimi mwenyewe nadhani vilikua pamoja, kimoja kikikisukuma kingine, lakini hayo ni maoni yangu, msiyanukuu kama matokeo.

Nami niongeze tahadhari ya upande wa pili, nisionekane nachagua. Utafiti wa 2007 uliosema watoto wachanga wa miezi 6 na 10 wanampenda kikaragosi anayesaidia kuliko anayezuia ulitajwa kila mahali kama ushahidi kwamba tunazaliwa na maadili. Ulirudiwa majuzi na maabara 37 kwa pamoja, na upendeleo huo haukuonekana. Ndiyo maana sikuuweka kwenye uzi.

---

Nyamirambo_Kigali

Nimekuwa nikisoma kimya. Mnasema dini ilipeleka utu kwa mtu wa mbali. Sisi hapa Rwanda waliouawa 1994 hawakuwa mbali. Waliuawa Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, ndani ya makanisa walimokimbilia, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa kama wao. Imani moja, lugha moja, kilima kimoja. Sarafu zenu zinasemaje kuhusu hilo?

---

MtoRufiji

Ndugu, pole, na asante kwa kulisema.

Zinasema kidogo mno, na ni bora nikiri hivyo. Zinachoonyesha ni kwamba mpaka unaweza kusogezwa nje. Gombe inaonyesha kwamba unaweza pia kusogezwa ndani, kwa haraka ya kutisha, hadi jirani wa jana akawa nje. Binadamu tunacho kitu cha ziada ambacho sokwe hawana: tunaweza kutangaziwa mpaka mpya redioni. Na ubatizo haukuuzuia.

Lakini ndani ya giza hilo kuna watu ninaowafikiria kila mada hii inapoibuka. Felicitas Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu, mwanamke Mkatoliki aliyejitoa kwa huduma ya kanisa, alitumiwa ujumbe na kaka yake ambaye alikuwa afisa wa jeshi, ajiondoe. Akakataa kuwaacha Watutsi aliokuwa amewahifadhi, akauawa pamoja nao. Waislamu wengi wa Biryogo, mtaa ulio karibu na jina lako, waliwaficha watu wa kila upande. Na kuna Zura Karuhimbi wa Ruhango, mama mzee aliyejulikana kama mganga. Inatajwa aliwaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake. Wauaji walipofika, aliwatisha kwa ghadhabu ya mizimu, akawapaka majani yanayowasha, akatikisa bangili zake wasikie sauti. Wakarudi nyuma. Watu ambao kanisa halikuwazuia, waliogopa nyumba ya yule mama.

Baadaye Zura aliwaeleza waandishi wa habari kwamba hakuwa na nguvu zozote za uchawi, ilikuwa mbinu ya kuokoa maisha, na kwamba yeye alimwamini Mungu mmoja. Mimi naliona hivi: hofu ya adhabu kutoka juu ilifanya kazi, sawasawa na tafiti zinavyosema, tena kwa watu wabaya kabisa. Lakini yeye aliyeitumia hakuhitaji kutishwa ili afungue mlango. Ustadhi, hiyo ndiyo sehemu ambayo neno "hesabu" halinitoshi.

---

UstadhiWaPwani

Nimekuelewa. Kwetu yapo maneno mawili, khofu na mahaba, na wacha Mungu wakubwa walisema ibada ya khofu peke yake ni ya daraja la chini. Huyo mama Mungu amrehemu.

---

BintiEyasi

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi ni wa Karatu, nimesoma na Wahadzabe shule moja. Nasikia mnavyowataja: sarafu, asali, mchezo wa dadu. Mbona hakuna aliyetaja ardhi? Watu hao hupimwa kila mwaka kama wanamtendea haki mgeni, ilhali wageni ndio wamewalia mapori na kuyageuza mashamba na malisho. Na waliofanya hivyo wengi ni watu wa kusali.

---

MtoRufiji

Marahaba, mdogo wangu. Una haki kulalamika, na hoja yako inaingia katikati ya mada, haiko pembeni. Nimesema dini za kidunia zinamfikia mtu wa mbali, lakini soma tena matokeo ya 2016: mtu wa mbali *wa dini ile ile*. Mhadzabe hasali na jirani yake, hivyo hakuwa ndani ya ule mduara uliopanuliwa, na kwa miongo mingi amepoteza sehemu kubwa ya nchi yake bila wengi wetu kuona kwamba kuna dhambi imetendeka. Anayefuga au kulima pale anajua kabisa kwamba kuchukua ng'ombe wa mwumini mwenzake ni wizi. Kukata mibuyu na kufyeka mapori ya watu wasiojenga nyumba za tofali hakukuhesabiwa.

Kuna hatua moja: mwaka 2011 jamii ya Wahadzabe wa bonde la Yaeda ilipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja, jambo ambalo awali lilionekana haliwezekani kwa watu wasiolima wala kufuga. Dada, kama uko karibu na wanaofuatilia hati hizo, tuwekee hapa hali ilivyo sasa Yaeda na upande wa Mang'ola. Na Ustadhi, nakuomba wewe na wachungaji mliomo humu mtuambie: je, mmewahi kusikia hotuba ya Ijumaa au mahubiri ya Jumapili yaliyotaja ardhi ya mtu asiye wa dini yetu?